Hiltje Aliyewageuzia Mgongo Wapiga Picha

Aliyekaa vibaya na akae vizuri, maana habari ya Hiltje haisimuliwi mbio mbio. Nimeishi nyumba ya tatu kutoka kwake miaka mingi, nimekunywa kahawa yake chungu isiyo na idadi, na haya nitakayowaambia nimeyapata mdomoni mwake mwenyewe, huku Renske akimsahihisha kutoka jikoni. Pale maneno ya wawili hao yalipopishana, nimemfuata Renske. Hiltje ana tabia ya kujipunguza.

Hiltje Wielinga alizaliwa Oosterwier, kijiji cha ng'ombe na mifereji, nusu saa kwa baiskeli kutoka mji wa Sneek. Baba yao alifariki mapema, wakabaki watatu: mama yake Aukje, kaka yake Sietse, na yeye. Mama Aukje alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Angeweza kukaa nawe alasiri nzima akakwambia mambo mawili tu, na moja likawa kuhusu hali ya hewa.

Tangu mdogo Hiltje alivaa suruali zilizombana Sietse. Mwanzo ilikuwa umaskini, kwani mama mjane hatupi suruali nzima. Kisha mambo yakanyooka, gauni likanunuliwa, likatundikwa ukutani kwa msumari, na Hiltje akaendelea na suruali. Watoto wa shule wakampa jina: Jikedume la Aukje. Analitamka hadi leo akicheka, ila anacheka akiwa ameangalia pembeni.

Alipofika miaka kumi na miwili, siku moja akaingia bandani akachukua mkasi wa kunyolea kondoo, akajikata nywele. Mama akamkuta katikati ya kazi, upande mmoja umebaki, upande mwingine kama shamba lililoliwa na panya. Hiltje akajua leo anapigwa. Mama akamwangalia kwa muda, akaupokea mkasi ule mkubwa, akaenda nao ndani, akarudi na mkasi wake wa kushonea.

"Kama umeamua, zikatwe sawasawa," akasema. "Kaa. Tazama dirishani."

Basi ikawa hivyo. Kila baada ya wiki sita Hiltje alikaa kwenye kiti cha jikoni, taulo shingoni, macho dirishani, na mama yake akamkata. Juu akamwachia kidogo, pembeni fupi, na nyuma shingoni mstari ulionyooka kama ukingo wa mfereji. Nyuma ya sikio la kulia kuna kovu dogo. Ni la siku paka aliporuka kutoka juu ya kabati, mkono wa mama ukashtuka. Hawakulizungumzia kovu hilo, kama ambavyo hawakuzungumzia lile lililofanya binti wa miaka kumi na miwili atake kichwa cha namna ile.

Alipofika ishirini akapata kazi ya kuendesha lori la maziwa la kiwanda. Anapita shamba hadi shamba kabla jua halijachomoza, anaunganisha mpira, anavuta maziwa tangini, anasaini, anaondoka. Mwanamke hakuwahi kuifanya kazi ile upande wetu. Mkulima mmoja alichungulia ndani ya lori, akazunguka hadi mlango wa pili, akachungulia tena.

"Dereva yuko wapi?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Namuuliza mwanaume."

"Wa nini? Maziwa yenyewe yanatoka kwa majike."

Mkulima huyo alikuwa Durk, jirani wa ukuta kwa ukuta na Mama Aukje, aliyemfahamu Hiltje tangu anatambaa. Alikuwa akimtania tu. Mshikeni huyo Durk, atarudi.

Sasa kuna jambo moja lazima niwape kabla hatujaendelea. Mifereji ikishika barafu, huku kwetu kazi zinasimama. Shule inafungwa, hata mchungaji anafupisha ibada. Watu wanavaa vyuma vyembamba miguuni, wanateleza juu ya barafu kijiji hadi kijiji, kilomita arobaini, sabini. Upepo wa kwetu hauna huruma, kwa hiyo tunakwenda kwa mstari: mmoja mbele anaukata upepo, wengine wanajificha nyuma yake, wameinama, mikono mgongoni. Wa mbele anaiona barafu. Walio nyuma wanaona mgongo, saa nzima, saa mbili, mgongo ule ule. Na kwa miaka mingi aliyekaa mbele ya mstari wa Oosterwier alikuwa Hiltje. Mabega mapana, pumzi ya farasi, na hakuwahi kuomba mtu ampokee zamu kabla hajaombwa yeye apumzike.

Kumbukeni hilo. Yeye alilisahau, na ndiyo maana nina la kuwasimulia.

Renske aliingia maishani mwake kupitia mtaro. Alikuwa muuguzi wa vijijini, anayezunguka kwa baiskeli akiwaogesha wazee na kuwafunga vidonda. Asubuhi moja yenye utelezi baiskeli ikaenda kushoto, Renske akaenda kulia, wote wawili majini. Lori la maziwa likasimama. Hiltje akashuka, akaivuta baiskeli kwanza, kisha mtu.

"Asante kwa kuokoa baiskeli yangu," Renske akamwambia, maji yakimchuruzika puani.

"Ndiyo iliyokuwa ikizama haraka zaidi."

Walicheka hadi maziwa yakachelewa. Baada ya mwaka walikuwa wamepanga pamoja nyumba ya ghorofani Sneek, juu ya duka la nyuzi. Huko Oosterwier kila mtu aliambiwa kwamba Hiltje anaishi na mpangaji mwenzake ili kupunguza kodi. Mama Aukje akiuliza, akauliza hivi: "Yule muuguzi wako hajambo?" Hajambo, Mama. Basi. Miaka sita.

Hiltje alikuwa na kopo la biskuti alilolificha chini ya kitanda, na siku moja akamfungulia Renske. Ndani mlikuwa na vipande vya magazeti. Si vingi. Tangu utotoni alikuwa akitafuta mtu anayefanana naye, gazetini, kwenye televisheni, popote. Sinemani aliwapata wachache.

"Mmoja alijitupa darajani," akamhadithia Renske. "Mmoja alipigwa risasi na mume wa mwenzake. Mmoja alikohoa, akakohoa, akafa. Hivi hakuna hata mmoja anayezeeka akapata maumivu ya magoti?"

"Labda wenye magoti mabovu hawafurahishi sinemani."

"Mimi wangenifurahisha."

Kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa picha ya mafuriko. Wanaume wanapanga magunia ya mchanga, na kando yao amesimama mwanamke mmoja mwenye nywele fupi na koti la kazi, mkono mfukoni, anacheka na mtu asiyeonekana. Maelezo ya picha yalitaja mafuriko tu. Huyo mwanamke hakutajwa. "Lakini ule mkono mfukoni niliujua," Hiltje alikuwa akisema. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikajiambia, kumbe mtu anaweza kusimama hivyo akiwa mtu mzima, na dunia isimsukume."

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu wa televisheni wakaja kaskazini. Walitaka kutengeneza kipindi kuhusu wanawake wanaopenda wanawake, si wa miji mikubwa, bali wa huku kwenye matope. Renske alihudhuria mikutano ya wanawake Leeuwarden, kwa hiyo habari ikawafikia. Wakahitajika sita. Yule bibi aliyeongoza kipindi akasema kwa upole: anayeogopa kwa ajili ya kazi au familia anaweza kukaa ameipa kamera mgongo.

Renske akasema yeye atakaa akiitazama. Hiltje akasema hatakwenda kabisa. Siku tatu baadaye akabadilisha nia. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba aliifikiria picha ya mafuriko. Mahali fulani, kwenye shamba fulani, kuna binti anatafuta. Hata akipata mgongo tu, ni mgongo wa mtu asiyejitupa darajani.

Akaazima koti la rafiki, la kike, lenye mabega laini, ili ovaroli lake la kiwanda lisimtaje. Wanne wakakaa wakitazama kamera, wawili wakageuka. Hiltje alisema machache. Akaulizwa kama ana furaha.

"Ninapotoka kazini supu ya njegere iko mezani," akaujibu ukuta, "na kuna mtu wa kunigombeza kwa kuacha mabuti mlangoni. Mnataka furaha gani nyingine?"

Kipindi kikaonyeshwa Alhamisi. Siku hizo idhaa za televisheni zilikuwa mbili tu, na ya pili usiku huo ilikuwa na mazungumzo ya bajeti. Maana yake nchi nzima iliwatazama wao. Hiltje na Renske walitazama wakiwa wamekaa sakafuni kama watoto. Uso wa Renske ulijaa kioo kizima, anacheka, meno yote nje. Kisha ukaja mgongo: koti la kuazima, shingo, nywele.

"Nimejificha vizuri," Hiltje akasema, akapumua.

Renske akazima televisheni. Hakusimama. "Jumamosi mama yako anatimiza miaka sitini."

"Najua."

"Mimi tangu leo kila mtu ananijua. Nikinunua vitunguu wananijua. Wazee ninaowaogesha wananijua, na kesho asubuhi ninakwenda kuwaogesha. Nimechoka kuwa kodi ya nyumba, Hiltje. Jumamosi tunakwenda wote, au unakwenda peke yako, na ukirudi tuzungumze nani anabaki na hii nyumba."

"Unanitisha?"

"Nakwambia. Nikikutisha utajua."

Hiltje hakulala vizuri. Kwake yeye kulikuwa na wanawake wawili duniani, na aliona anaambiwa amchague mmoja.

Ni lazima muelewe siku ya kuzaliwa kwetu ilivyo, msije mkadhani ni ngoma na vifijo. Viti vinapangwa duara sebuleni. Anayeingia anazunguka duara zima, mkono kwa mkono, na kumpongeza kila mmoja, si mwenye siku peke yake. Kwa mtoto anasema hongera kwa mama yako. Kwa dada, hongera kwa dada yako. Kwa jirani, hongera kwa jirani yako. Kisha anakaa, anapewa kahawa na kipande kimoja cha keki, kimoja tu, na anasubiri anayefuata amzungukie. Wageni wanaona ni upuuzi. Lakini katika duara lile kila mtu husikia wazi kwa sauti yeye ni nani wa nyumba ile. Ukirukwa, nalo umelisikia.

Ijumaa alasiri, alipomaliza maziwa, Hiltje akaenda kumsaidia mama kupanga viti. Njiani alijipangia maneno. Alipoingia, Mama Aukje alikuwa amesimama jikoni, taulo mkononi, mkasi mezani.

"Kaa."

"Mama, bado wiki mbili."

"Najua kuhesabu. Kaa. Tazama dirishani."

Akakaa. Taulo likamzunguka shingo. Mkasi ukaanza. Maneno aliyoyapanga yote yakakimbia, moja moja, kama kuku.

"Hapa nyuma palipinda," mama akasema. "Upande wa kushoto. Niliona."

"Uliona wapi, Mama?"

"Nilipoona."

Saa ya ukutani. Mkasi. Nje bata wawili wanatembea juu ya barafu ya mfereji kama wazee waliopoteza miwani.

"Na lile koti si lako," mama akaendelea. "Mabega yanaanguka. Ukienda mbele za watu, vaa nguo yako mwenyewe."

Hiltje anasema alilia, na mama akamwambia asitingishe kichwa, ataharibu mstari. Akapuliza vinywele shingoni, akakunja taulo, akaenda sebuleni.

"Viti vingapi?" akauliza kutoka huko.

"Kumi na vinne, kama kila mwaka."

"Weka kumi na vitano."

Sasa ninyi mnacheka, mnaona jibu limepatikana. Hiltje hakuliona. Alikaa kwenye lori lake kwa muda mrefu akijiuliza kiti cha kumi na tano ni cha nani. Kijiji kilikuwa kimepata mchungaji mpya mwezi ule, na mama alikuwa ametaja kumwalika. Hakuthubutu kurudi ndani kuuliza. Ndivyo walivyo watu wa kwetu. Watakata nywele zako wakilia moyoni, lakini swali moja la waziwazi litawashinda.

Jumamosi wakaenda wote wawili. Hiltje alivaa sweta lake la buluu, lililofumwa na mama yake, lile la barafuni. Renske alivaa sketi na vipuli, alikuwa mpenda vipuli. Mlangoni Renske akamshika kiwiko. "Ukitaka turudi, sema sasa."

"Keki yake ni nzuri," Hiltje akasema. "Tusirudi kabla ya keki."

Ndani walikuwepo Sietse na mkewe, na Durk, aliyewahi kuja ili apate kiti karibu na jiko la mkaa. Hiltje akampa mama mkono, akambusu mara tatu. Kisha ikawa zamu ya Renske. Mama Aukje akainua uso, maana Renske ni mrefu, akamchunguza kama anavyochunguza kabichi sokoni.

"Wewe ndiye uliyekaa ukiitazama kamera."

"Ndiyo, Mama. Hongera kwa siku yako."

"Una meno mazuri. Kaa pale."

Akaonyesha kiti kilichokuwa kando ya kile cha Hiltje. Mchungaji, baadaye ikajulikana, hakuwa amealikwa kabisa. Sietse aliangalia viatu vyake.

Wageni wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa Tryntsje wa dukani, mwanamke mwenye sauti inayofika kabla yake. Akampongeza mama, akampongeza Durk kwa jirani yake, akampa mkono Hiltje: "Hongera kwa mama yako, Hiltje." Kisha mkono wake ukapita mbele ya Renske kama vile kiti kile kimewekewa makoti, ukaenda moja kwa moja kwa Sietse. "Hongera kwa mama yako, Sietse."

Hiltje anasema aliona sikio la Renske likiwa jekundu, sikio moja tu, lenye kipuli chake kikitikisika. Na yeye, jasiri wa kukata upepo wa kilomita sabini, hakuweza kufungua mdomo.

Mama Aukje alikuwa anatoka jikoni na birika la kahawa. Akasimama.

"Tryntsje. Umeruka mtu."

"Nimeruka nani?"

"Huyo hapo mwenye vipuli. Rudi. Kahawa haimiminwi hadi duara limalizwe."

Tryntsje akarudi hatua mbili. Alikuwa anauza kila kitu kijijini na kujua kila kitu, lakini hili hakulijua. "Nimpongeze, sawa," akasema, "ila nimpongeze kwa nani?"

"Kwangu," Mama Aukje akasema. "Nani mwingine kazaliwa leo?"

Hapo ndipo Durk alipojikohoza kutoka pembeni mwa jiko.

"Mama mkwe, Tryntsje! Sema 'kwa mama mkwe wako'. Halitakutoboa ulimi, umekwisha kusema mabaya zaidi."

Watu wawili wakacheka, kisha wanne. Tryntsje naye, maskini, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kusubiri kuona bei imepangwa na nani. Akaushika mkono wa Renske kwa mikono yake miwili. "Hongera kwa mama mkwe wako," akasema kwa ile sauti yake, na nadhani ng'ombe bandani nao walisikia.

"Asante," Renske akasema.

Sietse akasimama. Akachukua koti lake. "Mimi siwezi, Mama."

"Basi nenda," mama akasema. "Ila funga mlango, joto linatoka."

Mkewe akabaki kwenye kiti chake hadi keki ikaliwa, kisha akamfuata. Sitawadanganya kwamba Sietse alirudi mlangoni akilia. Hakurudi. Ilichukua miaka tisa, maduara tisa ya siku ya kuzaliwa, akija mapema na kuondoka mapema, mkono wake ukimruka Renske na mama akimwangalia tu bila kumlazimisha. Mwaka wa kumi akampa Renske mkono. Alisema "hongera" tu, bila kutaja ni kwa nani. Renske alilipokea kama lilivyo.

Lakini turudi siku ile. Kahawa ikamiminwa, mkate wa sukari na keki vikapita. Hiltje akamgeukia Durk, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, ulijuaje kuwa yule wa televisheni ni mimi? Sikuonyesha uso."

Durk akamwangalia kama mtu aliyeulizwa anajuaje kuwa maji ni maji.

"We mtoto una akili kweli? Nimeufuata mgongo huo kutoka hapa hadi Dokkum, machozi yangu yameganda nikiutazama. Kijiji kizima kimejibanza nyuma yake. Uso wako sijui hata macho yako rangi gani. Mgongo huo? Ningeujua kaburini."

"Sote tuliujua," Tryntsje akadakia akiwa na keki mdomoni. "Mume wangu alisema, 'Tazama, Hiltje kaazima koti.'"

Duara zima likaangua kicheko, Hiltje akawa mwekundu hadi shingoni, na mstari mpya wa mama ukaonekana vizuri. Kwa nchi nzima mtu anaweza kujificha kwa kugeuka. Watu wa Oosterwier aliwaonyesha kitu pekee walichokijua kwa moyo.

Mwezi huo huo barafu ilipokuwa bado nene, mstari ukatoka tena. Hiltje mbele. Renske, ambaye hajui kuteleza vizuri hadi leo, alipewa nafasi ya pili, mahali penye kinga kuliko pote, na hakuna aliyelalamika.

Mama Aukje aliishi hadi miaka themanini na minane. Miaka ya mwisho mikono yake ilitetemeka, hakuweza tena kushika mkasi, na Renske ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumsuka. Hiltje akaenda kwa kinyozi wa mjini, akarudi akilalamika kila mara. Siku moja nilimsikia Mama Aukje akimwambia Renske, hali anafungwa vifungo vya gauni: "Nilifurahi ulipokaa ukitazama mbele. Nilikuwa nikijiuliza yule mtoto ana nani." Hayo yalikuwa mambo mawili kwa siku moja, na hakuna lililohusu hali ya hewa.

Mwaka jana, Hiltje akiwa na miaka sabini na mmoja na magoti mabovu yote mawili, ikaja barua. Jumba la kumbukumbu Leeuwarden lilikuwa linaandaa maonyesho ya picha za zamani za televisheni, na baadhi zilikuwa za wanawake wa kipindi kile. Wote walikuwa wametambuliwa isipokuwa mmoja. Chini ya picha yake paliandikwa: mwanamke asiyejulikana. Je, Bibi Renske anaweza kuwasaidia?

Renske akaisoma kwa sauti mezani. Mimi nilikuwepo, kikombe mkononi.

"Asiyejulikana na nani?" Hiltje akafoka. "Nipe kalamu."

"Una hakika? Itakaa ukutani, na jina."

"Andika Hiltje Wielinga, dereva wa maziwa. Andika msagaji pia, wasije wakadhani nilikuwa nangoja basi."

Siku ya ufunguzi tulikwenda watatu. Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango. Koti la kuazima, mabega yameanguka kweli, shingo, kovu nyuma ya sikio, na upande wa kushoto, ukitazama vizuri, mstari umepinda. Hiltje alisimama mbele yake muda mrefu, mkono mfukoni. Mwanamke mmoja wa miaka hamsini na kitu, nywele za mvi fupi, alikuwa anamtazama Hiltje, kisha picha, kisha Hiltje. Akasogea.

"Samahani, Bibi. Ni wewe?"

"Ndiye mimi."

Jina lake Nynke, mtoto wa shamba la upande wa Dokkum. Usiku wa kipindi kile alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameambiwa akalale, akachungulia kupitia mlango. "Nyuso sizikumbuki," akasema. "Naomba radhi, wala wako," akamwambia Renske. "Nakumbuka shingo ile. Na ile supu. Asubuhi yake nikamwambia mama nataka nikatwe hivyo. Nimetaka kukushukuru miaka arobaini, sikujua nimshukuru nani."

Renske akamsukuma Hiltje kidogo mgongoni. Hiltje akauliza:

"Akakukata?"

"Vibaya sana."

"Geuka nikuone."

Yule mwanamke, mtu mzima, akageuka palepale katikati ya watu waliobeba glasi, akaishusha kola yake. Hiltje akavaa miwani, akainama, akachunguza shingo ile kwa makini.

"Hapa kushoto pamepinda," akasema. "Njoo kwangu Ijumaa. Mkasi wa mama bado ninao."

"Hajui kukata," Renske akamwambia Nynke. "Nakuonya mapema."

Nynke akaja hiyo Ijumaa. Na mwezi Machi, tulipopanga viti kwa siku ya kuzaliwa ya Hiltje, aliniita kutoka jikoni akiwa na birika mkononi, akaniambia niongeze kimoja.